Maji Yanapwa Saa Ngapi?

Vitabu vya kanuni ninavyo kumi na kimoja, na mpaka jana askari wangu hawakuwa wamepigana hata siku moja. Walikuwa ndani ya maboksi ya viatu chini ya kitanda, wamepakwa rangi hadi kucha za miguuni, wakinisubiri niamue watapigana kwa kanuni za nani.

Anayesikia haya mara ya kwanza hudhani natania, kwa hiyo nieleze upesi. Kuna mchezo wa vita unaochezwa juu ya meza. Unataka meza ya futi sita kwa nne, vilima vya sponji, nyumba za karatasi ngumu, vijisanamu vya askari vyenye kimo cha milimita 28, utepe wa kupimia na dadu za kutosha. Zama zilizonishika mimi ni za bunduki za kushindilia, tuseme tangu Frederick wa Prussia mpaka Waterloo. Naishi Nottingham, mji wa Uingereza wenye watengenezaji wengi wa vijisanamu hivi, na askari nawapata kwa kupanda basi. Zamani vilimiminwa kwa risasi. Kiswahili kina neno moja kwa madini hayo na kwa kile kinachotoka mtutuni, na kila nikishika askari wa zamani, mzito kuliko umbo lake, nahisi lugha yetu iliona jambo. Siku hizi vingi ni plastiki.

Kununua ni rahisi. Kuchagua kanuni ndiko kunakowakosesha watu usingizi, na kwa mtu aliyekulia barazani kwenye bao jambo hili lilinichukua miaka kulielewa. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Unaanza kwa kunamua, unaingia mtaji, na ubishi wote ni wa nani kahesabu vibaya. Hakuna bahati ya kusingizia. Kete zinaliwa, nyumba inalindwa, watu wanatukanana kama maadui, lakini hajawahi mzee kuinua kichwa akauliza kama hivi ndivyo watu wanavyopigana kweli. Bao halidai kufanana na chochote. Mchezo wa askari unadai, na hapo ndipo taabu ilipo: kila kitabu cha kanuni ni shauri la mtu fulani juu ya jinsi mambo yalivyokuwa, na ukikichagua umekwisha kuwa shahidi wake.

Chukua bunduki yenyewe. Tunaiita gumegume, ile ya jiwe linalogonga chuma likatoa cheche. Huko mitaani neno limehamia kwa waume, mume gumegume ni yule asiyefaa kitu, na aliyesoma jinsi bunduki ile ilivyokuwa ikigoma siku ya mvua hataona ajabu. Askari alikuwa aking'ata karatasi ya baruti kwa meno, anatia kidogo kwenye kisahani cha mtambo, iliyobaki anaimimina mtutuni pamoja na risasi, anashindilia kwa mdeki, anaurudisha mdeki mahali pake, anainua, anapiga. Aliyefunzwa vizuri aliweza mara tatu kwa dakika. Kinywa cheusi, kiu kali, na baada ya mipigo michache moshi mtupu mbele yake.

Mwishoni mwa karne ya 18 Waprussia walisimamisha shabaha ya futi 100 kwa kimo cha futi 6, mfano wa safu ya adui, wakaiamuru batalioni iipige. Kwa umbali wa yadi 225 risasi 25 katika kila 100 zilifika. Kwa yadi 150 zilifika 40. Kwa yadi 75 zilifika 60. Sasa piga hesabu: vikosi viwili vya watu mia sita vinavyotazamana kwa yadi 75 vingemalizana kabla chai haijapoa. Havikumalizana. Vilisimama, vikapigana risasi kwa muda mrefu, na watu wengi wakarudi nyumbani.

Basi zile risasi nyingine zilikwenda wapi?

Kila mtunzi wa kanuni anajibu swali hilo, hata asipojua kwamba analijibu. Mmoja atasema zilipotea katika moshi, kwa hiyo mpigo wa kwanza upewe nguvu na inayofuata ipunguzwe. Mwingine atasema ni mikono iliyotetemeka, kwa hiyo mkongwe apate dadu zaidi kuliko kuruta. Wa tatu atasema waliouawa si hoja, hoja ni lini kikosi kinachoka kusimama. Huyu wa tatu ndiye ninayemwamini, ila nilimfikia kwa njia ndefu.

Kanuni za kwanza nilizocheza zilikuwa za mtu aliyeamini majedwali. Nilifundishwa na mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, mpole kama mwalimu wa chuo, aliyekuwa na majedwali yake kwenye karatasi zilizofunikwa plastiki. Unataka kupiga? Hesabu watu. Umbali ukizidi, toa. Ukiwa umetembea, toa. Adui yumo nyuma ya ukuta, toa tena. Mpigo wa kwanza, jumlisha. Safu ya pili isiyoona vizuri, gawanya. Tulianza Jumamosi saa nne asubuhi. Magharibi ilipofika, saa ya vita mezani ilikuwa imesogea nusu saa, na mimi nilikuwa nimeua vijisanamu vitatu. Mzee alifurahi sana. Alisema hivi ndivyo ilivyokuwa. Nikamheshimu, lakini nikirudi kwenye basi nilijiuliza: ilivyokuwa kwa nani? Yule askari mwenye baruti midomoni hakujua kwamba ukuta una thamani ya kutoa mbili. Jemadari juu ya farasi hakujua pia. Majedwali yale yalinifanya nione kila kitu kwa wakati mmoja, tena kwa usahihi, jambo ambalo siku ile halikupewa kiumbe yeyote uwanjani.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma vitabu vya kanuni kutoka nyuma, kwa kutafuta si kile mchezaji anachoruhusiwa kufanya bali kile anachonyimwa.

Aliyelielewa hili mapema kuliko wote alikuwa luteni wa mizinga wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliyechapisha kanuni zake mwaka 1824 akiboresha mchezo wa baba yake. Alicheza juu ya ramani ya kipimo cha 1 kwa 8,000, vipande vyekundu na vya buluu, kila zamu ikiwa dakika mbili za vita. Wachezaji hawakuona ramani nzima. Walimwandikia mwamuzi amri, mwamuzi akasogeza vipande, akarusha dadu, akamwonyesha kila mmoja kile tu ambacho angekiona kama angekuwa pale. Mnadhimu mkuu, Müffling, aliitwa kuutazama bila hamu kubwa, akaondoka ameshikwa nao, na mchezo ukasambazwa vikosini. Reisswitz hakuishi kuona ulivyokua. Alijiua mwaka 1827. Nusu karne baadaye, 1876, Julius von Verdy du Vernois alipendekeza majedwali na dadu viwekwe kando kabisa, mwamuzi aliyeona vita aamue kwa akili yake. Nikisoma habari zake namkumbuka mzee wa barazani anayekohoa tu, na mchezaji anajua kakosea.

Njia nyingine ilikuwa ya H. G. Wells, yule wa hadithi ya safari ya kupitia wakati. Katika Little Wars ya mwaka 1913 hakuna dadu ya kupigia risasi. Kuna mizinga midogo yenye springi inayorusha vijiti, na askari akiangushwa kafa. Wa miguu anakwenda futi moja, wa farasi futi mbili. Niliwahi kujaribu na mpwa wangu sakafuni. Ni raha tupu, na tulivunja miguu ya farasi wawili. Wells mwenyewe aliwaambia wasomaji kwamba vita vya kweli ni upuuzi mkubwa ukilinganisha na mchezo. Mwaka uliofuata walivianzisha, na kufika Novemba vilikuwa vimeshatua Tanga.

Kati ya vitabu vyangu kumi na kimoja, viwili ndivyo vimechakaa kurasa. Cha kwanza ni Black Powder cha Rick Priestley na Jervis Johnson, kilichotoka 2009. Humo huhesabu maiti kabisa. Kikosi ni kikosi, kiwe na vijisanamu ishirini au thelathini. Kinapokea mapigo mpaka uvumilivu wake uishe, kisha kinayumba. Uzito wote umewekwa kwenye amri. Lazima uitamke kwa sauti kabla ya kurusha dadu: wapandafarasi wapite kushoto ya kijiji wakishambulie kile kikosi cha mizinga. Ukishasema umesema. Halafu unarusha dadu mbili. Jemadari wa kawaida ana cheo cha nane. Ikizidi nane, hawaendi. Katika njia 36 za dadu mbili kuangukia, 10 zinakukatalia, na moja, sita mbili, inaweza kuwapeleka kusikojulikana. Ukipata namba ndogo sana wanaruka hatua tatu kwa mpigo, ukabaki wewe mwenyewe umeduwaa.

Mara ya kwanza nilikasirika. Wapandafarasi wangu walisimama zamu tatu wakitazama vita kama watu wa harusini wanaosubiri pilau. Nikasema huu si mchezo, ni bahati nasibu. Fundi bomba akaniuliza kama nimesoma habari za d'Erlon. Sikuwa nimesoma. Tarehe 16 Juni 1815, siku mbili kabla ya Waterloo, jemadari huyo wa Napoleon alikuwa na watu karibu 20,000. Amri moja ilimwita Quatre Bras, nyingine ikamvuta Ligny, ikaja nyingine ikamrudisha. Alitembea mchana kutwa baina ya vita viwili akisikia mizinga ya pande zote mbili, wala hakupigana popote. Majedwali ya mzee yule, kwa usahihi wake wote, hayawezi kumzaa d'Erlon. Dadu mbili zinamzaa jioni yoyote ya Alhamisi.

Cha pili ni Sharp Practice cha Richard Clarke na wenzake wanaojiita Too Fat Lardies. Hicho si cha majeshi. Ni cha watu arubaini, hamsini, kila kundi nyuma ya kiongozi wake mwenye jina. Vipande vya viongozi vinatiwa mfukoni pamoja na kile cha Tiffin, neno la Waingereza wa India kwa mlo mwepesi. Unachomoa. Likitoka jina la sajini wako, anaamuru. Lakini Tiffin ikitoka zamu imekwisha, na ambaye jina lake limebaki mfukoni amri zake zimempita. Nimemwona luteni mmoja wa plastiki akikaa nyuma ya ua zamu nne mfululizo, mpaka tukaanza kumtungia kisa: anaandika barua, ana homa, anamwogopa mama mkwe. Hivyo mtu anazaliwa mahali ambapo kanuni imeacha tundu.

Kwa hiyo wakiniuliza klabuni kanuni zipi ni bora, siku hizi nawauliza wanataka kuwa nani. Anayetaka kuwa jemadari kama Wellington asipewe kazi ya kuhesabu risasi. Anayetaka kuwa sajini asipewe ramani. Wengi wetu, nadhani, tunataka kuwa wote wawili na Mungu juu yake, na vitabu vinene vinauzwa kwa sababu hiyo.

Sasa turudi chini ya kitanda. Askari wa maboksi ya viatu hawana viatu. Si Wafaransa wala Waprussia. Nimewatoa kwenye maboksi ya vita vya Misri na vya Waturuki, nikawakata kofia, nikawafinyangia vilemba kwa udongo wa gundi, nikawavisha vikoi na kanzu. Ni Walamu upande mmoja. Upande wa pili ni Wamombasa wa ukoo wa Mazrui pamoja na Wapate.

Vita vyao, vya Shela kisiwani Lamu, vinawekwa na wasimulizi mwaka 1812 au 1813, wakati uleule Napoleon anaiacha Urusi na theluji yake. Mombasa na Pate walitaka Lamu iwe mkononi mwao. Wakaja na vyombo, wakashuka pwani ya Shela, Walamu wakawatokea, wakawasukuma. Waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa juu ya mchanga. Maji yalikuwa yamekupwa. Waliuawa pale, wengi, na mifupa ikawa inafukuliwa na upepo kwenye vichuguu vya mchanga miaka na miaka. Walamu, kwa hofu ya kulipiziwa, walipeleka habari kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman. Akaleta liwali na askari, ngome ya Lamu ikamalizwa 1821, na mwambao wote haukuwa tena ule wa zamani. Sijui vita vingi vya Ulaya vya ukubwa ule vilivyogeuza mambo mengi kiasi hicho.

Nilidhani kuchagua kanuni kwa Shela kungekuwa rahisi. Black Powder niliiweka kando mara moja. Hapakuwa na batalioni za kupanga safu. Sharp Practice ilinikaa vizuri. Mji wenye pande mbili, Zena na Suudi, watu wanaomfuata mkubwa wao na si mwenye cheo: majina mfukoni ndiyo kanuni yake. Nikabadilisha kidogo namna ya kupiga gumegume, nikaongeza panga, nikashona kitambaa cha buluu kuwa bahari. Kisha nikampigia simu ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi mpaka macho yalipomkataa, nikamwelekezea kamera.

"Ami, hii ndiyo Shela."

Akatazama kwa muda, uso karibu na kioo.

"Vyombo vyao umeviweka wapi?"

"Hivi hapa, ufukweni."

"Maji yanapwa saa ngapi?"

Nikanyamaza. Kitabu kina kanuni ya matope, ya ua, ya daraja, ya punda aliyebeba baruti. Maji kinayo, ya mto, yaliyotulia mahali pamoja kama maji ya Ulaya. Nikamwambia ami nitatafuta. Akaniambia hayatafutwi, yanajulikana.

Na kweli, hilo ndilo lililonikwamisha tangu mwaka juzi. Kanuni zote nilizozisifu hapa huweka mashaka kwenye amri, kwenye moshi, kwenye moyo wa mtu. Ndiyo kazi ya dadu. Lakini kupwa na kujaa si mashaka. Maji yanakwenda saa sita na ushei, yanarudi saa sita na ushei, na mtoto wa pwani anajua bamvua inafika lini kabla hajajua kuhesabu shilingi. Wale waliokufa Shela walikuwa mabaharia. Wamombasa na Wapate! Hakuna aliyepaswa kuwaambia. Nikirushia dadu maji, nimewasingizia bahati mbaya. Nikiandika kwamba zamu ya nane vyombo vinakwama, mchezaji ataondoka zamu ya saba, akiwa na akili kuliko watu ambao hakika hawakuwa wapumbavu. Nataka kanuni ya jambo ambalo kila mtu analijua na, kwa saa chache, katika joto la kusukuma mbele, hakuna anayelitazama. Nimejaribu kukunja kile kitambaa vidole viwili kila zamu. Nimejaribu kadi zilizofunikwa. Kila mara macho ya mchezaji yako kwenye bahari tangu mwanzo, kwa sababu kanuni ya bahari, ikishaandikwa, inamwambia atazame.

Mwezi uliopita nikamrudia Reisswitz. Nikampigia ami tena, nikamwomba awe mwamuzi.

"Nifanye nini?"

"Ujue maji. Usiniambie."

Akacheka mpaka akakohoa. Akauliza mimi ni nani humo mezani, nikamwambia Mombasa. "Ah, basi una kazi, mwanangu." Tukakubaliana: atachagua saa ya kujaa kichwani mwake, kila zamu nitamwambia dakika ngapi zimepita, na siku nikigusa chombo ataniambia kama kinaelea. Kitambaa nimekiondoa. Pwani nimeiacha mbao tupu.

Jana usiku nimewatoa askari maboksini. Simu nimeisimamisha kwenye glasi, ami kaketi na kahawa yake upande wa pili wa dunia. Zamu tano za mwanzo zilinikubali. Majina yangu yalitoka mfukoni moja baada ya jingine, nikafika hadi nyumba za kwanza, na fundi bomba aliyeshika Lamu akaanza kukuna kidevu. Zamu ya sita wakatokea watu wa Suudi kwenye vichuguu. Ya saba nikapoteza kiongozi. Hapo ndipo nilipogeuka kuitazama ile mbao tupu, na nikakumbuka kwamba tangu zamu ya tatu sikuwa nimemtajia ami saa.

"Ami," nikasema, "maji?"

Akaweka kikombe chini.

"Cheza, mwanangu."

Nikachomoa kipande kingine mfukoni.